Kigoma ni mji wa kusubiri, jumba la maduka lijue hilo

Mtu wa Kigoma akirudi kutoka Dar es Salaam, zikishaisha salamu za ndugu na jamaa huulizwa kama alifika Mlimani City, lile jumba kubwa la maduka. Akisema alifika, hakuna anayetaka kujua alinunua nini. Ataulizwa alizunguka na nani, alikula nini, picha alipiga upande gani, na kama ni kweli mle ndani kuna baridi ya Makambako. Mfuko aliotoka nao hauna mjadala. Pengine hakutoka na mfuko wowote, na bado safari yake inahesabika kuwa ilikuwa nzuri.

Ninaanza na hilo kwa sababu vijiweni hapa mjini, kuanzia Mwanga hadi kule chini Lumumba, hoja ya jumba la maduka haiishi. Wapo wanaoona aibu kwamba Mwanza wana Rock City na sisi tuna fremu za barabarani. Wapo wanaosema tusijidanganye, mji huu hauna hela ya kulisha jumba kama hilo. Pande zote mbili zinabishana juu ya ukubwa wa jengo na majina ya maduka yatakayokuwamo. Mimi nadhani wanapima kwa kitu kisichopima. Jumba la maduka linastahili nauli ya bajaji pale ambapo mtu ambaye leo hana hela anaweza kuingia, akakaa, akamaliza saa yake nzima na akatoka bila mlinzi kumuuliza anatafuta nini.

Najua hayo ni maneno yanayomchekesha mwenye jengo. Atasema yeye hajengi bustani, anajenga fremu, na fremu zinalipiwa kodi na watu wanaouza, siyo wanaokaa. Sawa. Twende kwenye hesabu, na hesabu ya Kigoma inaanzia Ziwa Tanganyika.

Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, lakini ujanja ni uleule: samaki wanaufuata mwanga gizani, wavu unawazunguka. Mwezi ukipevuka, ziwa lote linakuwa na mwanga na taa ya mvuvi haina tena cha kuwaitia. Ndiyo maana wakati wa mbalamwezi mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na watu wanapumzika kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Hili linajulikana na kila mtu aliyekulia Katonga au Kibirizi. Kinachosahaulika ni kwamba anayepumzika siyo mvuvi peke yake. Mama anayeanika dagaa anapumzika, mbeba mizigo anapumzika, bodaboda wa mwaloni anazunguka bila abiria, fundi cherehani anaambiwa kitambaa kisubiri. Hela ya mji huu inapwa na kujaa mara moja kila mwezi, na hakuna benki iliyoweka ratiba hiyo.

Juu ya mdundo huo kuna midundo mingine. Mwalimu na muuguzi wana tarehe zao za mshahara. Mkulima wa maharage wa Kasulu au Buhigwe ana msimu wake, na mwenye michikichi ana wake. Halafu kukatokea lile la mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi huo, samaki walikuwa wanapungua kweli. Ninachosema ni kwamba mfanyabiashara yeyote aliyekuwa na fremu mjini katika miezi ile mitatu alijifunza uchumi wa Kigoma kuliko semina yoyote.

Sasa fikiria mteja wetu. Yule aliyenunua simu wiki ya giza na yule anayepita mikono mitupu wiki ya mbalamwezi ni mtu mmoja. Soko la Mwanga limemwelewa zamani. Muuzaji anamfahamu kwa jina la mtoto wake, anamwandika kwenye daftari, na bidhaa nyingine zinatoka kwa mali kauli mpaka mtumbwi urudi na kitu. Supamaketi haina daftari. Mashine ya kwenye kaunta haijui mbalamwezi. Kwa hiyo jumba la maduka haliwezi kushindana na Mwanga kwa mkopo, na kwa bei ya nyanya haliwezi hata kuanza. Likitaka mteja huyo asilisahau siku ambazo hana kitu, lazima limpe kitu kisichouzwa. Na kitu ambacho Mwanga, pamoja na uhodari wake wote, haina cha kutosha ni mahali pa kukaa, kivuli, choo kisafi na maji ya kunawa.

Hapo utaniambia viti vitajaa vijana wasio na kazi. Hofu hiyo ina historia, na ina jibu lake pia. Mtafiti mmoja wa Marekani, William Whyte, alitumia miaka ya 1970 kuwapiga picha na kuwahesabu watu kwenye viwanja vya wazi mbele ya maghorofa ya New York. Wenye majengo walikuwa wakiruhusiwa kuongeza ghorofa kama zawadi ya kuachia umma nafasi hizo, lakini nyingi zilikuwa tupu. Wataalamu walitafuta sababu kubwa kubwa: jua, umbo la kiwanja, ukubwa wake. Whyte akagundua sababu inayokaribia kuchekesha. Watu walikaa zaidi pale palipokuwa na pa kukaa. Na viwanja vilivyokuwa na watu wengi vilikuwa salama kuliko vile vilivyokuwa tupu, kwa kuwa macho ya watu ni ulinzi. Mwaka 1975 jiji likabadili kanuni zake na kuanza kuwadai wenye majengo viti. Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji haihitaji mfadhili kuiga hilo. Inahitaji mstari mmoja kwenye kibali cha ujenzi.

Jumba la maduka kama tunavyolijua, lile sanduku lililofungwa pande zote lenye kiyoyozi, lina baba yake. Anaitwa Victor Gruen, msanifu aliyezaliwa Vienna akakimbilia Marekani Wanazi walipoiteka Austria mwaka 1938. Jumba lake la Southdale, kule Edina katika jimbo la Minnesota, lilifunguliwa Oktoba 1956. Liliwekwa maduka makubwa mawili pembeni ili watu watembee katikati kupita maduka madogo, likazungukwa na maegesho ya maelfu ya magari. Minnesota kuna theluji nusu mwaka, kwa hiyo kujifungia ndani kulikuwa na maana. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba Gruen alitaka pembeni yake kuwe na nyumba, shule, hospitali na bustani. Alitaka moyo wa mji. Wawekezaji walichukua sanduku na maegesho, mengine wakaacha kwenye makaratasi. Alirudi Vienna uzeeni, na kabla ya kufa alikuwa ameshawakana hadharani watoto hao aliosingiziwa.

Sanduku la Gruen ndilo tunaloliota sisi, na ndilo lisilotufaa. Theluji hatuna. Magari ya kujaza maegesho hayo hatuna, watu wetu wanakuja kwa miguu, kwa bajaji, kwa boti na kwa treni. Tuna mvua kuanzia Oktoba hadi kama Aprili au Mei, jua la kutosha, na upepo wa ziwa unaopuliza bure. Ukijenga kuta na vioo ukauzuia upepo huo, itabidi uununue tena kutoka TANESCO. Kwa mji ambao kwa miaka mingi uliwashiwa taa na majenereta ya dizeli, kutegemea kiyoyozi ndipo duka lipumue ni kujitafutia balaa. Na gharama hiyo haibaki kwa mwenye jengo. Inaingia kwenye kodi, kutoka kwenye kodi inaingia kwenye bei ya soda, na mtu akishaona soda ya ndani imezidi ya nje kwa mia tano, humpati tena.

Mfano bora zaidi tunao nchini. Soko Kuu la Kariakoo lilifunguliwa mwaka 1975, likiwa limechorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Alichofanya ni kusimamisha miavuli mikubwa ya zege, hewa ikapita kati yake, maji ya mvua yakapokelewa na miavuli hiyohiyo, shimoni kukawa na biashara ya jumla na juu rejareja. Hakuna aliyehitaji koti mle. Moto wa Julai 2021 uliliunguza na limefanyiwa ukarabati mkubwa, lakini fikra yake haikuungua: nchi yetu inahitaji paa, kuta ni hiari. Mwekezaji akija na mchoro wa sanduku la vioo pale karibu na ziwa, ningependa mtu amkalishe chini amwonyeshe picha za Kariakoo ya zamani.

Tuje kwenye maduka yenyewe. Desturi ya biashara hii ni kumtafuta mpangaji mkuu, kwa kawaida supamaketi kubwa, na kumpangisha kwa bei ya chini kwa kila mita ya mraba kwa kuwa yeye ndiye anayevuta watu. Wadogo wanalipa zaidi, kwa kuwa wanakula kwenye wateja waliovutwa na mkubwa. Mpango mzuri hadi mkubwa aanguke. Tanzania tumeona. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake hapa mwaka uliofuata. Nakumatt ikazama kwa madeni miaka michache baadaye. Game ikaondoka baada ya wenye mali kutangaza mwaka 2021 kwamba hawaitaki tena Afrika Mashariki. Mlimani City ilipitiwa na Shoprite, Nakumatt na Game, wote wakaondoka, na jumba lenyewe bado lina watu tele.

Kwa nini? Angalia lilipo. Limefunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kando ya barabara ya Sam Nujoma, daladala za Mwenge na Ubungo zinapita mlangoni. Ndani kuna benki, ofisi za kampuni za simu, sinema, ukumbi wa mikutano. Mtu anaenda kurudisha laini yake iliyopotea, anakuta foleni, anakula aiskrimu akisubiri. Sehemu kubwa ya maduka yako chini, huhitaji kupanda popote. Mpangaji mkuu halisi wa Mlimani City ni shida za kila siku za watu, na shida hazifilisiki.

Ulinganisho wake uko Ilala. Machinga Complex, karibu na Uwanja wa Karume, ilijengwa na Jiji kwa mkopo wa NSSF kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani. Ghorofa zikasimama, vizimba vikagawiwa, na kwa miaka sehemu kubwa ikabaki tupu. Machinga anaishi kwa mguu wa mpita njia. Ukimpandisha ghorofa ya tatu, umempeleka mahali ambapo hakuna anayepita kwa bahati. Wenye mamlaka waliwalaumu machinga kwa ukaidi, lakini mteja naye alikataa kupanda, na yeye hakuna aliyemlaumu. Likitokea jumba Kigoma, ghorofa ziwe za ofisi, madarasa, madaktari wa meno. Chochote kinachouzwa kwa jicho kikae chini.

Kwa hiyo nani awe mpangaji mkuu wetu? Hapa ndipo ninapoipenda Kigoma, maana jibu lipo na halitoki nje. Huu ni mji wa kusubiri. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na tangu wakati huo tumekuwa tukisubiri treni. Tunasubiri meli. Tunasubiri boti za Kibirizi za kwenda Kagunga na vijiji vya pwani ya kaskazini. Wafanyabiashara wa Kalemie, Uvira na Bujumbura wanasubiri shehena zao bandarini, wakati mwingine wanalala humuhumu mjini. Mvuvi anasubiri giza. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi hapa, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na itakapokamilika ratiba zitabadilika lakini abiria hawatapungua. Mtu anayesubiri ana vitu viwili ambavyo muuzaji yeyote anavitamani: muda, na njaa itakayomjia baadaye. Kwa sasa tunamsubirisha juu ya mizigo yake, juani, na choo cha kulipia kikiwa mtaa wa pili.

Mpe mtu huyo paa. Mpe stoo ya kuweka mizigo yenye risiti inayoaminika, dirisha la kubadilishia fedha kihalali, tiketi za treni, basi na meli sehemu moja, wakala wa pesa wa mitandao yote, duka la dawa, soketi za kuchaji simu. Kisha umwekee ukumbi wa samaki. Siongelei kona ya friji mwishoni mwa supamaketi. Naongelea ukumbi wenye barafu, maji yanayotiririka na meza za vigae, dagaa wakiwa wamepangwa kwa daraja na kufungwa vizuri, migebuka wakavu, kuhe na sangala wabichi, na mawese yaliyochujwa kwenye chupa ambazo hazivuji ndani ya basi. Mgeni akiondoka Kigoma bila dagaa, huko anakokwenda hataeleweka. Kila abiria anayepanda treni hapa ameagizwa na mtu. Hakuna kampuni ya Nairobi wala Johannesburg inayoweza kuja kumpiku muuza dagaa wa Katonga kwa dagaa wa Katonga, na hakuna itakayomfilisi kwa uamuzi wa kikao cha bodi ya mbali.

Vitenge vitakuja vyenyewe. Mama lishe pia, mradi asifukuzwe kwa kisingizio cha hadhi, maana nimeona sehemu nyingine ukumbi wa vyakula ukijazwa kuku wa kukaanga wa bei moja, na wafanyakazi wa maduka hayohayo wanatoka nje saa saba kwenda kula ugali chini ya mti. Jumba ambalo wahudumu wake hawamudu kula ndani limeshajipima lenyewe. Kuhusu sehemu ya michezo ya watoto na sinema sina la kuongeza, viwepo, na siku za mpira skrini ile ionyeshe mpira.

Linabaki suala la kodi, na hili ndilo litakaloamua zaidi ya rangi ya ukuta. Fremu nyingi mjini zinadaiwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na kilemba cha kuingilia juu yake. Majumba makubwa ya Dar yalizoea kudai kwa dola, mpaka kanuni za Machi 2025 zikakataza bei za fedha za kigeni kwa biashara za ndani. Mtindo huo wa mkupuo unamwachia mpangaji mbalamwezi yote peke yake. Duniani kote majumba ya maduka yana njia nyingine isiyo ngeni: kodi ya msingi ndogo, na juu yake asilimia ya mauzo. Wiki ya giza mwenye jengo anapata zaidi, wiki ya mbalamwezi anapata kidogo, na mauzo yanaonekana kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za serikali. Najua kuna wafanyabiashara watakaokimbia wakisikia neno EFD likitajwa na mwenye nyumba. Lakini njia hiyo inambadilisha mwenye jengo kuliko inavyombadilisha mpangaji. Akishakuwa na asilimia yake ndani ya mauzo, swali la nani anakaa kwenye kiti linakuwa lake pia. Yule kijana anayezubaa leo akitazama viatu, wiki mbili zijazo mtumbwi wa baba yake ukirudi na mzigo, ndiye atakayevinunua, na atavinunua pale alipovizoea kwa macho.

Mwenye jengo anayekusanya kodi ya mwaka mara moja hana haja na hayo. Ameshalipwa. Anaweza kuajiri walinzi wakali, akaondoa mabenchi, akafunga choo kwa kufuli na ufunguo ukakaa kwa meneja. Majengo ya namna hiyo tunayo mikoa mingi, vioo vinang'aa na nusu ya fremu zimeandikwa namba ya dalali.

Basi siku michoro itakapobandikwa ukutani pale manispaa na wananchi tukaalikwa kutoa maoni, wengine wataangalia ngazi za umeme na chemchemi ya mbele. Mimi nitahesabu viti, kisha nitauliza choo kiko ghorofa ya ngapi na mlango wake unafungwa saa ngapi, maana treni yetu haina mazoea ya kufika mchana.